Mume aliporudi Artigat: kisa cha Bertrande de Rols na Martin Guerre

Mwishoni mwa Julai 1560 mwanamume mwenye mguu wa mti alifika Toulouse, kusini mwa Ufaransa, akasema yeye ndiye Martin Guerre wa kijiji cha Artigat. Mahakama kuu ya jiji hilo ilikuwa inakaribia kutoa hukumu katika kesi ya mtu mwingine aliyeshikilia kwamba Martin Guerre ni yeye, na majaji walikuwa wameshaelekea kumwamini huyo mshtakiwa. Mke wa Martin, Bertrande de Rols, alikuwa mahabusu jijini humo humo. Kwenye mashtaka alitajwa kama mlalamikaji, lakini majaji walishuku kwamba ametumwa.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa zaidi ya miaka 450, na wasimulizi wengi humfuata tapeli. Aliwezaje kuishi miaka mitatu na zaidi katika nyumba ya mtu, na mke wa mtu, bila kubainika? Swali tamu, nami sitalikwepa kabisa. Ila mimi nataka kuwafuata wenye ndoa yao. Martin na Bertrande walitengana miaka kumi na miwili bila talaka, vita vya wafalme vikaingia katikati, na siku ya kuonana wakaonanishwa na majaji. Kisha wakarudi kijijini wakaishi pamoja, na wakazaa tena. Ndoa ile ilirudishwa na nini? Nitangulize jibu langu ili msomaji anipime njiani: ilirudishwa na ardhi, na sheria isiyokuwa na njia ya kutokea, na lawama iliyobebeshwa mtu mmoja. Msamaha siuoni popote katika kumbukumbu za kesi.

Kumbukumbu zenyewe tunazipata hasa kwa jaji Jean de Coras, aliyepewa kazi ya kuchunguza shauri hilo na kuliandikia ripoti, kisha akalichapisha mwaka 1561. Coras alikuwa msomi mkubwa wa sheria, na ameandika kama mtu aliyeshangazwa na akili ya mshtakiwa. Habari za mume na mke lazima uziokote katikati ya mshangao wake.

Ndoa ya watoto

Mwaka 1527 Sanxi Daguerre, mkewe, mwanawe mdogo Martin, na ndugu mdogo wa Sanxi, Pierre, walihama Hendaye, mji wa pwani uliopo mpakani na Uhispania, wakaenda kuishi Artigat kando ya mto Lèze, katika himaya ya Foix. Walikuwa Wabaski, na walikokwenda watu walisema lugha nyingine na walikuwa na desturi nyingine za kurithi. Wakajifunza. Jina wakalifupisha kuwa Guerre, wakanunua mashamba, wakajenga tanuri la vigae, na mali ikakua.

Dalili kwamba wamepokewa ni ndoa ya mwaka 1538. Martin, mwenye umri wa miaka 14 hivi, alimwoa Bertrande, binti wa ukoo wa Rols, mmoja wa koo zenye uwezo pale kijijini. Bertrande mwenyewe aliiambia mahakama baadaye kwamba alikuwa na miaka tisa au kumi. Tusijidanganye kwamba hawa wawili walichaguana. Koo mbili ziliunganisha mali, na watoto wawili wakalazwa kitanda kimoja.

Kwa miaka minane kitanda hicho hakikuzaa kitu. Kijiji kikasema wamefungwa, kuna mtu amewaroga. Vijana wa kijijini walimfanyia Martin mizaha ya hadharani, na mtu anayejua maisha ya kijijini anajua mizaha hiyo inavyokata. Ndugu zake Bertrande wakamshauri aondoke, kwa kuwa sheria ya kanisa iliruhusu kuivunja ndoa ambayo baada ya miaka mitatu bado haijakamilika kitandani. Bertrande akakataa. Coras anauona ukataaji huo kuwa ushahidi wa heshima yake, na huenda ni kweli. Mimi nauona pia kwa jicho la mambo yaliyofuata. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo mara pekee sheria ilimwambia waziwazi kwamba anaweza kutoka akaanza upya. Alipokuja kuihitaji ruhusa ya namna hiyo tena, haikuwepo.

Hatimaye bibi mmoja akawaelekeza cha kufanya: misa nne zisomwe, na vitu vilivyobarikiwa viliwe. Dawa ikafanya kazi, au muda ulifanya kazi, na mtoto wa kiume akazaliwa. Wakampa jina la babu yake, Sanxi.

Mwaka 1548, mtoto akiwa bado mchanga, Martin aliiba nafaka kidogo ya baba yake. Kiasi kilikuwa kidogo, kosa likawa kubwa. Kwa familia ile ya Kibaski, kumwibia mzee wa nyumba yako mwenyewe ilikuwa aibu isiyoweza kufichwa chini ya mkeka. Martin, miaka 24, akaondoka. Akaacha mke wa miaka ishirini hivi, mtoto, baba na urithi.

Hapa panahitaji kusimama kidogo, kwa sababu visa vya wanandoa wanaokutana baada ya vita tumezoea kuvianza kwa maneno “vita viliwatenganisha.” Hawa vita havikuwatenganisha. Martin alimkimbia baba yake, na katika kumkimbia baba akamtupa mke. Vita vilikuja kumpa mahali pa kwenda, kisha mshahara, kisha kilema, yaani sababu moja baada ya nyingine ya kutorudi. Mpatanishi anayeikosa tofauti hii ataishia kumhurumia askari na kusahau kumuuliza aliondokaje nyumbani.

Miaka minane ya kusubiri

Sheria ya kanisa ilisema mke wa mtu aliyepotea haolewi tena mpaka kifo cha mume kithibitishwe. Miaka haikusaidia kitu, hata ikiwa ishirini. Wasomaji wa fiqhi watakumbuka mlango wa mafqudi, mume asiyejulikana alipo, na jinsi wanazuoni wa Kimaliki walivyoweka miaka minne, kisha eda ya mfiwa, kisha mwanamke awe huru. Unaweza kubishana na hesabu hiyo, lakini ni hesabu, ina mwisho. Bertrande hakupewa siku ya kuihesabu. Hakuwa mjane, na mume hakuwa naye.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Wazazi wa Martin walifariki. Mzee Sanxi kabla ya kufa alimsamehe mwanawe na kumwachia urithi, akaagiza mdogo wake Pierre ausimamie mpaka mwenyewe arudi. Pierre, aliyekuwa amefiwa na mke na ana mabinti, akamwoa mama yake Bertrande, naye mjane. Tazama mahali alipoishia Bertrande. Mtu mmoja, Pierre Guerre, alikuwa baba mkwe wake mdogo, baba yake wa kambo, na msimamizi wa mali ya mumewe na ya mwanawe. Alikula mezani kwake. Hapakuwa na mzee wa tatu wa kumkimbilia, maana wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekuwa mtu huyo huyo.

Huko nyuma ya milima, Uhispania, Martin alifika Burgos, akawa mtumishi katika nyumba ya Kadinali Francisco de Mendoza, kisha chini ya Pedro, nduguye Kadinali, akaingia jeshi la Uhispania. Tarehe 10 Agosti 1557 jeshi la Felipe II, mfalme wa Uhispania, liliwapiga Wafaransa Saint-Quentin, kaskazini mwa Ufaransa. Martin, raia wa mfalme wa Ufaransa, alikuwa upande wa Wahispania. Risasi ikampiga mguuni, mguu ukakatwa. Pedro akamwombea matunzo, naye akapewa nafasi ya bradha katika nyumba ya Shirika la Mtakatifu Yohane wa Yerusalemu, kula na kulala mpaka kufa. Amani kati ya wafalme wawili ilitiwa saini Cateau-Cambrésis mwezi Aprili 1559. Wakati huo Martin alikuwa na mkate wa uhakika Uhispania, na nyumbani alikuwa na kesi mbili zinazomsubiri: wizi kwa baba, na kumpigania adui wa mfalme wake.

Yule wa kwanza kurudi

Mume aliyefika Artigat kabla yake alitokea kiangazi cha 1556. Jina lake halisi lilikuwa Arnaud du Tilh, mtu wa Sajas, upande wa Gascony, aliyejulikana kwa jina la utani Pansette, naye aliwahi kuwa askari. Kwa maelezo aliyoyatoa kabla ya kunyongwa, wazo lilimjia pale rafiki wawili wa Martin walipomfananisha njiani. Akaanza kuuliza, akakusanya habari za kijiji mtu kwa mtu. Kisha akapanga kwenye nyumba ya wageni Pailhès, jirani na Artigat, akamwambia mwenye nyumba kwamba yeye ni Martin.

Mawifi zake Bertrande ndio waliokwenda kwanza, wakamkumbatia kaka yao. Bertrande alipofika alirudi nyuma. Mtu yule akaanza kumkumbusha mambo yao ya siri, mojawapo soksi ndefu nyeupe alizoziacha sandukuni, na hapo Bertrande akamrukia shingoni. Waliishi pamoja zaidi ya miaka mitatu. Walizaa mabinti wawili, mmoja akafa, mwingine, Bernarde, akaishi.

Je, Bertrande alijua? Wanahistoria wamegombana juu ya hilo, na kila upande una hoja. Mimi naliona swali hilo kuwa la polisi. Ukiliuliza hivyo unalazimika kumweka ama katika kundi la wajinga ama katika kundi la wazinzi, kama majaji walivyolazimika. Afadhali kuuliza alikuwa na nini mkononi asubuhi ile pale Pailhès. Alikuwa na miaka minane ya kusubiri, mtoto asiyemjua baba, baba wa kambo anayeshika mali, na mawifi wanne waliokwisha kusema “ni yeye.” Kumkataa mtu yule ilikuwa ni kuwakana ukoo mzima na kurudi kusubiri bila mwisho. Alichokubali pale kinaweza kuwa imani na uamuzi kwa pamoja. Watu huamini kwa nguvu zaidi jambo wanalolihitaji.

Kilichoivunja nyumba ile hakikuwa kitanda. Arnaud alianza kuuza na kukodisha baadhi ya mashamba, akataka na ardhi ya ukoo iliyobaki Hendaye iuzwe. Kwa Wabaski ardhi ya ukoo haiuzwi hivi hivi. Akaongeza la pili: akamtaka Pierre atoe hesabu za miaka yote aliyosimamia mali. Pierre akasitasita, Arnaud akaenda mahakamani. Tangu siku hiyo Pierre akakumbuka kwamba huyu si mtoto wa kaka yake. Fundi viatu akasema Martin wa zamani alivaa kiatu cha nambari kumi na mbili na huyu anavaa tisa. Watu wakaona kwamba mtoto Sanxi hafanani naye. Askari mmoja aliyepita kijijini akasema Martin Guerre alipoteza mguu Saint-Quentin. Ushahidi huo ulikuwa na uzito, wala sidai Pierre aliutunga. Nasema ulianza kutafutwa siku mali ilipoguswa, ingawa miguu ilikuwa midogo tangu siku ya kwanza.

Pierre na wakwe zake walimvamia Arnaud wakampiga, na Bertrande akajilaza juu yake kumkinga. Kwa muda mrefu alisema mtu huyo ni mumewe, au kama siye basi ni shetani aliyevaa ngozi ya mumewe. Pierre na mama mzazi wa Bertrande wakamtisha kwamba watamfukuza nyumbani. Januari 1560 Pierre alimkamata Arnaud kwa kutumia jina la Bertrande, bila kumuuliza, akampeleka mahakamani Rieux. Kisha Bertrande akakubali kuwa mlalamikaji. Siku hizo hizo alimpelekea mshtakiwa nguo na pesa gerezani.

Mtu akisoma mistari hiyo miwili pamoja anaweza kusema mwanamke huyu ni kigeugeu. Mimi naona mtu aliyejiwekea akiba kila upande. Kesi ikishindwa, atasema alilazimishwa na baba yake wa kambo. Ikishinda, ndiye aliyeshtaki. Huko Rieux walisikilizwa mashahidi wapatao 150. Arubaini na kitu walisema mshtakiwa si Martin, thelathini hadi arubaini walisema ndiye, na zaidi ya sitini walikataa kusema lolote. Arnaud akasema mbele ya jaji: Bertrande aape kwamba mimi siye mumewe, nami nitakubali kufa. Bertrande hakuapa. Arnaud akahukumiwa kifo hata hivyo, akakata rufaa Toulouse.

Siku ya kuonana

Sasa mwenye mguu wa mti yuko mlangoni. Majaji walimhoji peke yake, kisha wakamhoji yule mwingine, kisha wakawaweka uso kwa uso. Jambo la ajabu ni kwamba mume halisi alikumbuka vibaya kuliko tapeli. Baadhi ya mambo ya zamani ya nyumbani Arnaud aliyajibu kwa haraka na kwa ukamilifu, Martin akababaika. Coras alishangaa. Mimi sishangai sana. Arnaud alikuwa ameishi ndani ya kumbukumbu hizo kila siku, akizizungumza na mke, mawifi, majirani. Martin alikuwa na miaka kumi na miwili bila mtu hata mmoja wa kumwambia “unakumbuka siku ile?” Wanaowarudisha askari na mateka makwao wangejua kwamba aliyesahau jina la ng'ombe wa nyumbani si lazima awe mwongo.

Pierre akaitwa. Mgeni aliwekwa katikati ya wanaume wengine, Pierre akamtambua, akamshika akilia. Wakaingia dada zake Martin, wale wale waliompokea Arnaud na kumtetea mahakamani. Wakamtazama, wakamwangukia, wakalia, na Martin akalia pamoja nao. Wakasamehewa papo hapo.

Mwisho akaingia Bertrande. Alipomwona alianza kutetemeka, akajitupa kwake akilia, akaomba msamaha. Maneno yake, kwa jinsi Coras anavyoyaripoti, yalipangika vizuri. Alisema alichukuliwa na ushawishi wa dada zake Martin, waliomwamini yule mtu kabla yake. Alisema hamu ya kumpata mumewe ilimpofusha, na mtu yule alijua mambo ambayo mume pekee angeyajua. Alisema alipogundua alitaka kufa, kisha akaenda mahakamani kudai heshima yake.

Martin hakudondosha chozi. Akamwambia aache kulia. Akamwambia asijifiche nyuma ya mawifi wala nyuma ya mzee Pierre, kwa kuwa hakuna baba, mama, mjomba, dada wala kaka anayepaswa kumjua mtu kama mke anavyopaswa kumjua mumewe. Na maafa yaliyoipata nyumba yao, akasema, hayana mwingine wa kulaumiwa isipokuwa yeye Bertrande.

Majaji walijaribu kumpoza. Walimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyemwacha mke huyu. Hakulegea.

Hapo ndipo kisa kinapofungamana. Dada zake walifanya kosa lile lile, tena walilifanya kwanza, na damu ni yao. Wamesamehewa kwa machozi. Tofauti ni kwamba kosa la dada halikugusa kitanda chake. Lakini nadhani kuna zaidi. Martin aliingia chumba kile akiwa na deni kubwa kuliko mtu yeyote aliyekuwepo, ukimtoa mshtakiwa. Alikuwa amemwibia baba, ametupa mke na mtoto, amekaa kimya miaka kumi na miwili, amepigana dhidi ya mfalme ambaye majaji hao walihukumu kwa jina lake. Mtu wa hivyo angepaswa kuwa wa kwanza kupiga magoti. Kwa sentensi mbili aligeuza mahali pa kila mtu: sasa anayedaiwa ni Bertrande, naye ni mwenye kudai. Ukali wake haukuwa ukatili mtupu. Ulikuwa sharti lake la kurudi, na alilitaja mbele ya mashahidi.

Na Bertrande alilikubali, kwa kuwa alikuwa akiongea na watu wawili kwa wakati mmoja. Kwa mume alikuwa anaomba radhi. Kwa majaji alikuwa anajibu tuhuma ya zinaa na ya ushahidi wa uongo, na tuhuma hizo zilikuwa na kamba mwishoni. Machozi yangeweza kuwa ya kweli kabisa na bado yakawa utetezi mzuri. Simlaumu kwa hilo.

Hukumu ilichorudisha na ilichoacha

Tarehe 12 Septemba 1560 mahakama ilimtia hatiani Arnaud du Tilh kwa kujifanya mtu mwingine na kwa zinaa. Aliamriwa kutubu hadharani mbele ya kanisa la Artigat, kisha anyongwe mbele ya nyumba ya Martin Guerre, na maiti ichomwe. Ilitekelezwa siku nne baadaye. Akiwa ameshapanda ngazi ya kitanzi, Arnaud alimwomba Martin asiwe mkali kwa Bertrande, akamtaja kuwa mwanamke wa heshima na msimamo. Katika kumbukumbu yote ya Coras sijaona ndugu, mzee wala padri aliyemwombea Bertrande kwa mumewe. Aliyemwombea ni mtu anayekwenda kunyongwa.

Majaji walijadili wengine pia. Martin aliweza kushtakiwa kwa kutelekeza familia na kwa kutumikia jeshi la adui, wakaona mateso aliyoyapata yanamtosha. Pierre, aliyeanzisha kesi kwa jina la mtu asiyeulizwa, akaachwa. Bernarde akahesabiwa mtoto halali, kwa hoja kwamba mama yake aliamini kwa nia njema kuwa yuko na mumewe, na mali ya Arnaud ikaenda kwake. Bertrande akaachiwa kwa hoja hiyo hiyo, ikiongezewa ile iliyokuwa ikitumiwa sana zama hizo, kwamba mwanamke ni kiumbe dhaifu na mwepesi wa kudanganywa.

Hukumu ya Bernarde naisifu bila kusita. Mahakama ingeweza kumfanya mwanaharamu kwa mstari mmoja na hakuna ambaye angelalamika. Hukumu ya Bertrande inanikera, ingawa ilimwokoa. Mwanamke aliyeipitisha nyumba miaka minane bila mume, aliyemkinga mtu kwa mwili wake, aliyekataa kula kiapo cha kuua, aliachiwa huru kwa kuambiwa ana akili nyepesi. Angepinga sifa hiyo, angepoteza uhuru na mtoto wake angepoteza jina.

Kisha akarudishwa kwa Martin. Hakuna aliyemuuliza anarudi kwa masharti gani. Martin kwa upande wake angeweza kuomba kutengana naye kwa sababu ya zinaa, jambo ambalo kanisa liliruhusu, ingawa asingeweza kuoa mwingine mkewe akiwa hai. Hakuomba, na sioni fumbo. Mtu wa mguu mmoja, mwenye mashamba yaliyo mikononi mwa baba mdogo mwenye tamaa, ambaye mkewe ni mama mzazi wa Bertrande, angetengana vipi bila kuanza kesi nyingine ya mahari na mali? Akiwa na Bertrande alikuwa na nyumba, mrithi mwenye umri wa kufanya kazi, na ukoo wa Rols upande wake. Bila Bertrande alikuwa kilema mwenye madai.

Bertrande naye hesabu zake hazikuwa ndefu. Angeondoka aende wapi? Nyumba ya mama yake ndiyo nyumba ya Pierre.

Kwa hiyo wakarudi Artigat, kwenye ua ambao mbele yake palikuwa pamenyongwa mtu aliyekula, kulala na kuzaa humo. Majirani waliotoa ushahidi huu na majirani waliotoa ushahidi ule walikutana kanisani Jumapili. Dada waliomwita Arnaud kaka yao walikuja kumsalimu kaka yao. Pierre alikuwa pale pale. Kama kuna kikao cha wazee kilichokaa kuwasuluhisha, Coras hakukiandika. Naona kesi ilifanya kazi ya kikao kwa namna mbovu: ilimtafuta mwenye hatia mmoja aliyetoka nje ya kijiji, ikamwua, na kila mwenyeji akaruhusiwa kunyamaza juu ya sehemu yake.

Hati ya mgawanyo wa mali ya mwaka 1594 inaonyesha yaliyofuata. Baada ya kurudiana, Bertrande na Martin walizaa wana wengine. Sanxi alikufa bila kuacha mrithi. Martin alioa mke wa pili na kuzaa naye pia, maana yake Bertrande alimtangulia kufa. Ardhi ikagawanywa kati ya wana wa Martin. Bernarde aliachiwa na hukumu ile jina la halali na mali ya baba yake aliyenyongwa, katika kijiji cha Sajas.